Mtoto yuko JKT, simu imebaki kwako: kumwombea chuo na mkopo ukiwa Kigoma

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, benchi la nje ya kibanda changu hapa Mwanga, Kigoma, hujaa kuanzia saa mbili asubuhi. Wanaokaa pale si vijana. Vijana wengi wakati huo wako kambini, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wanapiga kwata. Wanaokuja ni akina mama kutoka Ujiji, wazee waliodamkia daladala, na mjomba mmoja mmoja aliyetumwa na dada yake. Maswali ni yale yale kila Julai. "Kijana wangu ana pointi kumi na moja, si anapata udaktari huyu?" "Mkopo tunaomba kabla ya chuo au baada?" "Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, hakuna shida?" Nimeyajibu miaka mingi huku foleni ya fotokopi ikininung'unikia, sasa nayaweka hapa mara moja.

Ujue kwanza anayekuandikia ni nani. Mimi nina steshenari, nakula kwa pesa ya watu wanaokuja kuombewa vyuo. Pamoja na hayo nakuambia usiniachie mimi kila kitu. Niachie kuskani, kuchapa na kutoa kopi. Namba ya simu, barua pepe na nywila viwe vyenu nyumbani. Sababu iko hatua ya 4, na inaniaibisha kidogo.

Vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, zote mbili, pamoja na mwaka. Ziandike kwenye karatasi. Usizibebe kichwani.
- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, halisi. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo pia.
- Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mtoto kama ipo, na kitambulisho cha mzazi au mlezi atakayemdhamini kwenye mkopo.
- Picha ndogo za pasipoti, za mtoto na za mdhamini.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu wa nyumbani, ambayo haitazimwa hadi Novemba.
- Barua pepe ya mtoto mwenyewe.
- Pesa: tenga shilingi 10,000 kwa kila chuo mnachotaka kuomba, 30,000 ya maombi ya mkopo, na akiba ya uhakiki wa vyeti, kopi, nauli na wakili.
- Kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya.

Kilichochelewesha watu wengi kuliko vyote ni cheti cha kuzaliwa. Watoto wetu wengi walizaliwa nyumbani au zahanati za vijijini, wakasoma mpaka kidato cha sita bila mtu kuwauliza cheti. Kama hakipo, anza leo ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na usingoje matokeo. Namba ya NIDA ni hivyo hivyo: mkoa wetu uko mpakani na uhakiki wa uraia una maswali yake, kwa hiyo anayeanza Julai huumia.

Kalenda kwa ufupi

Mtihani ni Mei. Baada yake vijana walioitwa JKT kwa mujibu wa sheria huripoti kambini. Mtoto wa Kigoma anaweza kupangwa Bulombora au Mtabila, karibu na nyumbani, au akapelekwa mkoa ambao hajawahi kuukanyaga. Miaka ya karibuni dirisha la mkopo limekuwa likifunguliwa Juni na kufungwa mwisho wa Agosti, mara nyingine likiongezwa siku chache. Matokeo hutoka Julai. Awamu ya kwanza ya maombi ya vyuo huanza katikati ya Julai na kwenda hadi Agosti, kisha zinafuata awamu za nafasi zilizobaki. Vyuo hufunguliwa Oktoba na Novemba. Tarehe kamili hubadilika kila mwaka. Zichukue kwenye tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na ya Bodi ya Mikopo, usizichukue kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Hatua kwa hatua

1. Kaa na mtoto kabla hajaondoka kwenda kambini.

Jioni moja inatosha. Muulize kozi anazozitaka, na hasa muulize asizozitaka kabisa, maana hilo la pili wazazi hawaulizi. Aandike kwa mkono wake kozi tano au sita kwa kufuatana, barua pepe yake na nywila. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na vyeti. Wapo watakaopata nafasi ya kushughulikia maombi wakiwa kambini, na maofisa wa Bodi ya Mikopo wamewahi kuzungukia kambi kutoa elimu, ila usijenge mipango yako juu ya hilo. Simu ya kuruta huwezi kuipigia unapotaka.

Ameshaondoka na hamkuzungumza? Subiri siku atakayopata kupiga, na uwe na maswali yako yameandikwa. Mara nyingi mnapata dakika chache, na nusu ya hizo huishia kwenye salamu.

2. Hesabu pointi, na usichanganye aina mbili za pointi.

Hapa ndipo benchi langu linapogombana. Kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA) kuna pointi za daraja, na hizo kadiri zinavyokuwa chache ndivyo mtoto alivyofanya vizuri. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, la tatu 13 hadi 17.

Vyuo vikuu vinahesabu kwa kugeuza. Kwao A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu pointi, na F haina kitu. Hizi ndizo za kuombea chuo.

Chukua mtoto wa HGL mwenye C ya Historia, D ya Jiografia na D ya Kiingereza. Daraja lake ni la pili, pointi 11. Kwa hesabu ya chuo ana 3 na 2 na 2, jumla 7, na masomo mawili bora yanampa 5. Yule mama anayesema "ana pointi kumi na moja" anasema kweli, ila pointi zenyewe si zile chuo kinachozitazama.

Kiwango cha chini cha jumla kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Prinsipo ni A mpaka E. S haihesabiwi kuwa prinsipo. Masomo ya jumla, lile GS, halimo kwenye hesabu hii, na hisabati ndogo wanayosoma watoto wa sayansi nayo haimo. Waliomaliza 2014 na 2015 walipangiwa alama kwa mfumo tofauti. Kama unamwombea kaka mtu aliyekaa nyumbani tangu miaka hiyo, soma sehemu yao kwenye kitabu cha TCU.

3. Soma kitabu cha TCU kabla ya kutaja jina la chuo.

TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, na unapakuliwa bure tcu.go.tz. Vipo vitabu viwili: kimoja cha waliomaliza kidato cha sita, kingine cha wenye diploma. Kila mwaka yupo anayekuja amesoma kile kisicho chake na amekata tamaa bure.

Usikisome chote, ni kikubwa. Nenda kwenye chuo, tafuta kozi, kisha tazama mambo manne yaliyoandikwa mbele yake: masomo yanayotakiwa, pointi za chini, idadi ya nafasi, na miaka ya kusoma. Mzazi hutazama pointi akafurahi, akasahau masomo. Kozi inaweza kutaka pointi 4 tu, lakini moja ya prinsipo iwe kemia, na mtoto wako kemia ana S. Hapo hakuna maombi. Udaktari unataka prinsipo za fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Kozi kadhaa za biashara na uchumi zinarudi mpaka kidato cha nne kuuliza hisabati, na watoto wetu wa sanaa huanguka hapo hapo.

Ile idadi ya nafasi nayo si pambo. Sifa ya chini inakupa ruhusa ya kushindana. Kiti bado hujapewa. Kozi yenye nafasi 50 inayogombewa na nchi nzima haichukui wenye sifa ya chini, inachukua wa juu na kushuka mpaka ijae.

Mimi huwapanga hivi: kozi moja ya kutamani, mbili au tatu za kufaa, moja ya kukimbilia. Ya kutamani ni ile ambayo mtoto ana sifa zake ila ushindani ni mkali. Ya kukimbilia ni ile atakayoipata hata mwaka ukiwa mbaya, na ambayo *atakubali kwenda kuisoma*. Ukiweka ya kukimbilia ambayo hataisoma, umepoteza nafasi.

Niseme na la moyoni. Hapa kwetu kuna udaktari, uanasheria, uinjinia na ualimu, basi. Kijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ambaye fizikia ilimuangusha analetwa kwangu kama msiba. Lakini kuna afya ya mazingira, kilimo pale SUA Morogoro, ufugaji wa samaki, misitu, wanyamapori, ualimu wa sayansi. Sisi tumezaliwa juu ya ziwa, tunalalamika dagaa wanapungua, na mtoto akitaja kozi ya samaki baba anamuuliza, "Yaani ukavue?" Mwacheni asome.

Na tazama ramani pia. Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Zidisha nauli mara nne kwa mwaka, kwenda na kurudi kila muhula, kabla hujaandika vyuo vitano vyote vya Dar. Dodoma iko UDOM, na treni ya kutoka hapa inapita. Mwanza zipo SAUT na CUHAS ya Bugando. Tabora kuna AMUCTA, chuo kikuu kishiriki cha SAUT. Hapa hapa Kigoma TIA, ile taasisi ya uhasibu, ina kampasi, na Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa. Angalia tu kitabuni kozi ipi inatolewa kampasi ipi, maana jina la chuo ni moja na kampasi zake zimetawanyika.

Ada ni lazima uziangalie. Kozi nyingi zisizo za tiba kwenye vyuo vya umma ziko kati ya milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Udaktari kwenye chuo binafsi ni mara kadhaa ya hapo, kwa miaka mitano. Ukimwombea bila hesabu hiyo, atachaguliwa kisha mtauza shamba.

4. Fungua akaunti kwa namba yenu na barua pepe yenu.

Tangu 2017 maombi hayapiti tena kwenye mfumo mmoja wa TCU. Unaomba moja kwa moja kwenye tovuti ya kila chuo, na kila chuo kina akaunti yake. Mkiomba vyuo vinne, mna nywila nne. Ziandike zote kwenye ile karatasi.

Sasa aibu yangu. Mwaka mmoja niliweka namba yangu ya simu kwenye maombi ya watoto kumi na mmoja, kwa sababu wazazi walikuwa na haraka na mimi nilikuwa na foleni. Walipochaguliwa, wenye chuo zaidi ya kimoja wakaanza kutumiwa namba za siri za kuthibitisha. Zote zilikuwa zinakuja kwangu. Wiki hiyo hiyo simu yangu ikatumbukia ziwani pale Kibirizi nikiwa nashusha mzigo wa dagaa. Kurudisha laini ilinichukua siku nne. Watoto wawili muda wa kuthibitisha uliwapita. Mmoja aliomba upya awamu iliyofuata, akapata kozi aliyoiweka ya nne. Mama yake akipita barabarani mpaka leo anatazama upande wa pili.

Kwa hiyo: namba yenu. Nikikuambia "weka tu yangu, mama, itakuwa rahisi," kataa.

5. Jaza maombi.

Andika namba ya mtihani kama ilivyo kwenye matokeo, na mwaka wake. Mfumo utavuta jina na alama zenyewe kutoka NECTA. Jina likitokea si la mtoto wako, simama hapo hapo, umekosea tarakimu. Usiendelee ukitumaini litajirekebisha.

Ukifika kwenye malipo utapewa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoita kontroo namba, kama chuo ni cha umma. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Lipa kwa simu, hifadhi ujumbe, kisha *rudi kwenye akaunti umalizie*. Watu hulipa, wakafurahi, wakaondoka. Maombi yaliyolipiwa bila kutumwa hayajafika popote. Hakikisha umeona neno la kuthibitisha kwamba yametumwa, na utoe nakala ya ukurasa huo.

Panga kozi kwa mpangilio wa mapenzi ya mtoto, kwa kufuata karatasi yake. Mzazi asibadilishe la kwanza kuwa la tatu kwa sababu mtoto hayupo. Nimeona hilo likifanyika mbele yangu na nikakaa kimya, kwa sababu si mtoto wangu.

Njoo asubuhi, na usije siku ya mwisho. Siku ya mwisho nchi nzima iko kwenye tovuti hiyo hiyo, na umeme wa hapa unaujua.

6. Mkopo: usisubiri chuo.

Hili ndilo jibu la swali linaloongoza. Mkopo unaombwa sambamba na chuo, hata kabla matokeo ya udahili hayajatoka. Anayesubiri kuchaguliwa ndipo aombe mkopo hukuta dirisha limefungwa.

Anza RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, na cha kifo pia kama kipo. Unaskani cheti, unakituma kwenye mfumo wa RITA, unalipa, unasubiri majibu. Huchukua siku. Fanya Juni.

Kisha fungua akaunti kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo kwa namba ya kidato cha nne. Mtoto aliyerudia mtihani ana namba mbili. Chagua moja na uitumie kote, chuoni na Bodi. Ukitumia tofauti, Bodi haitamwona kwenye orodha ya waliochaguliwa. Nasisitiza kwa sababu kosa hili halionekani mpaka Oktoba.

Lipa 30,000, jaza, toa fomu. Fomu inazunguka: mwombaji anasaini, mdhamini anasaini na kubandika picha, mwenyekiti wa mtaa au kijiji anasaini na kupiga muhuri, kisha wakili au hakimu. Kama kijana yuko kambini, sahihi yake ndiyo kikwazo. Ndiyo maana dirisha likifunguka kabla hajaondoka, fomu iwe ya kwanza kufanywa. Baada ya sahihi, kurasa husika zinaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Hapo nitakusaidia, skana ninayo. Picha ya simu iliyopigwa juu ya goti, yenye kivuli cha kidole, hurudishwa.

Sema kweli kwenye fomu. Bodi inapima uhitaji: uyatima, ulemavu, kaya ya TASAF, shule aliyosoma. Baba aliye hai akiandikwa marehemu, kinatakiwa cheti cha kifo ambacho hakipo, na maombi yanakwama. Na baba aliyeondoka miaka kumi iliyopita hajafa. Andika mlezi ni nani na ambatisha uthibitisho unaoombwa.

Mkopo una vipande: ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kozi, mafunzo kwa vitendo. Mtu anaweza kupata vyote au baadhi. Chakula na malazi, ambayo ndiyo bumu lenyewe, tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Wazazi wengine wanaogopa deni. Deni ni la mtoto, analipa akianza kazi, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mweleze mapema, asije akashtuka na hati yake ya kwanza ya mshahara.

Aliyefaulu sana sayansi aangalie pia Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/23 kwa ajili ya wenye ufaulu wa juu.

7. Fuatilia majina, kisha thibitisha.

Chuo hutangaza waliochaguliwa kwenye tovuti yake, na ukiingia kwenye akaunti utaona. Akichaguliwa chuo kimoja, vizuri. Akichaguliwa zaidi ya kimoja, lazima achague kimoja kwa kutumia namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu. Asipothibitisha ndani ya muda, nafasi inaweza kumpotea. Ujumbe usipokuja, ingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka na uombe utumiwe tena.

Thibitisha mara moja, kwa akili iliyotulia. Kubatilisha kunawezekana, ila ni usumbufu na muda unakula.

8. Hakuchaguliwa? Ingia awamu ya pili siku ya kwanza.

Nafasi zilizobaki hutangazwa. Usirudie kozi zile zile zilizojaa. Shuka kwenye zile za kufaa na ya kukimbilia.

9. Maandalizi ya kuondoka.

Pakua maelekezo ya kujiunga. Fomu ya afya ijazwe hospitali ya serikali. Bima ya afya ya mwanafunzi kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na ipo 20,000 ya TCU ya kila mwaka. Hizi hazimo kwenye bumu, zitoke mfukoni.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kumlipa mtu anayesema ana ndugu chuoni atakayemwingiza mtoto. Nafasi haiuzwi. Vishoka hawa huja Agosti kama kumbikumbi. Kingine ni kuomba chuo ambacho hakimo kwenye kitabu cha TCU kwa sababu tangazo lake lilikuwa zuri redioni.

Na hili la tatu linaniuma zaidi: kumzuia binti asiende mbali huku kaka yake mwenye pointi chache akiruhusiwa. Sitasema zaidi.

Yakikwama

*Jina la cheti cha kuzaliwa si sawa na la NECTA.* Kama ni herufi moja au mbili, nenda kwa msajili kilikotolewa cheti uulize masahihisho. Kama ni jina tofauti kabisa, muone wakili kwa hati ya kubadili jina. Usibadilishe la NECTA, ndilo lililo kwenye vyeti vyote.

*Mfumo unasema namba hii imeshatumika.* Kuna mtu alifungua akaunti kabla yako. Mara nyingi ni mtoto mwenyewe kwa simu ya rafiki, akasahau. Bonyeza umesahau nywila, na utazame barua pepe ya zamani.

*Nimelipa, mfumo unasema sijalipa.* Subiri saa chache. Ikipita siku, piga simu dawati la msaada la chuo ukiwa na namba ya malipo na ujumbe wa muamala. Usilipe mara ya pili kwa hasira.

*Hana prinsipo mbili.* Diploma. Kozi za afya za diploma huombwa kupitia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Kwetu huku usisahau chuo cha uvuvi cha FETA hapa Kigoma, na Tabora wapo Chuo cha Ardhi, Chuo cha Reli na cha ufugaji nyuki. Tangu 2023/24 baadhi ya kozi za diploma zina mkopo wa Bodi pia. Mtu hufika digrii kwa njia hiyo, na kile kitabu cha pili cha TCU kiliandikwa kwa ajili yao.

*Mkopo umetoka sifuri, au kidogo.* Majina ya mkopo hutoka kwa mafungu, kwa hiyo kukosa fungu la kwanza siyo mwisho. Yakishaisha, Bodi hufungua muda wa rufaa. Rufaa ni ya kuongeza vielelezo vilivyokosekana. Barua ya kulia haisaidii.

*Amefika chuoni, bumu halijaingia.* Hutokea sana kwa mwaka wa kwanza, maana lazima asajiliwe kwanza ndipo asaini. Mpe pesa ya kula ya mwezi mmoja na nusu. Mfungie unga wa muhogo, dagaa waliokaushwa vizuri, maharage ya Kasulu. Mawese weka kwenye dumu dogo, funga mfuniko kwa nailoni kisha gundi, uliweke ndani ya ndoo. Dumu likivuja kwenye buti la basi, kondakta atamshusha nalo Uvinza.